Ushuhuda wa Léoncie juu ya Tembe Tamu

Léoncie aliuza vitenge katika mtaa wa Mabanga, na wateja walipenda kicheko chake. Mwaka ule kicheko kikapotea. Alifungua kibanda, akakaa nyuma ya vitambaa. Mtu akiuliza bei, alimtazama tu.

Umurerwa, rafiki yake wa kikundi cha maombi, akamletea tembe za homeopati, tiba mbadala isiyo ya hospitali: nyeupe, ndogo kama mtama, tamu kama sukari. Léoncie akazimumunya mpaka kichupa kikaisha. Hali ikawa ileile. Ndipo akaenda Keshero kwa Docta Adalbert, mbali na mtaa wake, asionekane. Docta akamwambia ana ugonjwa wa huzuni, dépression, akampa vinini, vidonge vya kumeza kila siku, akamwonya asiviache ghafla. Polepole usingizi ukarudi, na kicheko nacho.

Kikundi kikamuuliza amepona kwa dawa gani. Léoncie akawaza jinsi watu wanavyoviita vinini vile: dawa za wenda wazimu.

"Ni tembe za Umurerwa," akasema. Wakapiga makofi.

Mdogo wake wa kike, Joviale, alikuwa amekaa pale akipiga makofi pia. Yeye naye alikuwa akitibiwa na docta huyohuyo, tangu alipofiwa na mtoto wake.

Baada ya majuma machache, Léoncie alimtembelea Joviale nyumbani kwake, Munigi. Alimkuta kwenye godoro mchana kweupe, nywele hazijachanwa, watoto wakila muhogo mbichi.

"Joviale, unameza dawa?"

"Namezaka zile za sukari, yaya," Joviale akamjibu dada yake mkubwa. "Za docta nilishatupa mu choo. Si wewe njo ulishuhudia?"

Léoncie alitaka kusema labda ni uchovu tu uliomlaza. Badala yake akatoa vinini vyake mkobani, akaviweka juu ya godoro.

"Hizi njo ziliniponesha. Nilisema bongo, uongo mutupu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya haya, aibu tu. Sikutaka watu wanione kama mwenda wazimu."

Joviale akaviangalia. "Na mimi, yaya? Mimi ulitaka wanione namna gani?"

Léoncie alimwosha uso, akampandisha pikipiki, wakaenda kwa docta, naye akamwanzishia dawa upya kwa kiasi kidogo.

Jumatano Léoncie alisimama kwenye maombi aungame. Kinywa kilipofunguka, kikashukuru kwa mvua, akaketi. Kesho yake alimweleza Umurerwa peke yake, kibandani. Umurerwa akakunja kitenge alichokuwa akikichagua.

"Uliniacha nagawia watu zile tembe," akasema, akaondoka.

Joviale sasa anapika, anachana nywele, anacheka na watoto. Lakini Léoncie akiingia, kicheko kinapungua, na mdogo wake anamkaribisha kwa adabu, kama mgeni.