Msiba Niliowatangazia Leo Ulikuwa Wimbo wa Kijapani

Wapendwa majirani, nawasalimu kwa heshima. Mniwie radhi kwa kuchelewa kuwaeleza: hapa kwangu mtaani Rosettenville hajafa mtu.

Nilimkuta mjukuu wangu Tumaini jikoni, simu mkononi, nyaya zake masikioni, akilia.

Kwa desturi yetu, anayelia na simu mkononi hahojiwi.
Nikatandika mkeka, nikawatumia ujumbe wa sauti: tumefiwa.

Mama Rehema akafika na sukari.
"Pole, baba. Katutoka nani?"
"Bado sijauliza," nikamjibu.

Tumaini akazichomoa nyaya. "Eish, Babu. Ni wimbo tu. Mjapani anamuaga mkewe."

Niliona haya kupita kiasi.

Mama Rehema akaketi mkekani. "Basi tuusikie. Sukari ya msiba hairudi nyumbani."

Hatukuelewa hata neno moja.
Hata hivyo, kufikia ubeti wa pili nilikuwa namlilia marehemu mke wangu, ambaye tangu mazishi sikuwahi kumlilia mbele ya watu. Tumaini alinishika mkono.

Mlio njiani, karibuni tu.

Ujumbe huu anauandika Tumaini na kuwatumia, maana vidole vyangu ni vizito. Nimemwomba aondoe habari ya machozi yangu. Amekataa.