Jiwe Lililomngoja Mwandishi

Kamati ya Tamasha la Vitabu inapenda kuujulisha umma kwamba uzinduzi wa riwaya *Mwana Aliyebaki*, kitabu cha kwanza cha mwandishi wetu Alban Lendore, ulifana kupita matarajio, na kwamba ulihitimishwa kwa igizo fupi la sura ya tisa, lililochezwa kwa umahiri mkubwa na wasanii wa kijiji. Tangazo limesomwa redioni mara mbili, kwa hiyo hakuna sababu ya kulitilia shaka.

Msanii kiongozi, Ianthe Lendore, dada mkubwa wa mwandishi, alilisikia akiwa anakanda unga. Hakuacha kukanda. Yeye ni mwoka mikate, na kabla ya Jumamosi ile hakuwahi kuigiza chochote, isipokuwa uchangamfu mbele ya wateja.

Walipokuwa vijana, nyumbani kulikuwa na nauli ya mtu mmoja. Ianthe ndiye aliyeitwa Trinidad kusomea uuguzi, na sare alikwisha kujishonea. Mwezi huohuo mama yao, Celestine, akapooza upande wa kushoto. Basi nauli ikampeleka Alban Toronto, na sare ikakatwa mapazia. Ianthe akasomea uuguzi palepale chumbani, kwa mgonjwa mmoja, bila cheti, mpaka mgonjwa alipofariki.

Huku kwenye kisiwa chetu kidogo cha Carriacou, kumzika mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni jiwe la kaburi. Jiwe hukaa nyumbani mpaka watoto wote wapatikane, na kwa akina Lendore mwana wa kiume ndiye hulishika upande wa kichwa. Kabla halijalazwa kaburini, marehemu hatulii. Huja ndotoni kuuliza kulikoni. Celestine, ambaye hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa subira, alikuja kuuliza mara kwa mara. Jiwe lake lilikaa nyuma ya mlango wa sebule, limefunikwa shuka nyeupe. Wageni walilikwaa kwa vidole vya miguu, kisha wakaliomba radhi.

Alban hakuwa mtu mbaya. Kila Krismasi alituma pipa: mchele, sabuni, viatu visivyomtosha yeyote. Kwa miaka mingi hakuwa na makaratasi. Angetoka Toronto, asingeweza kurudi. Alipoyapata, akawa na kitabu cha kumalizia.

Kitabu kilifika ndani ya pipa, kimeviringishwa kwenye taulo. Ianthe alikisoma mara mbili. Kinamhusu kijana anayekataa safari ili amuuguze mama yake aliyepooza, wakati dada yake anapanda meli wala hageuki nyuma. Katika sura ya tisa, kijana huyo analibeba jiwe la mama yake hadi makaburini, karibu peke yake, mvua ikimnyeshea.

"Kumbe nilihamia Toronto," Ianthe alimwambia jirani yake, Philomen.

"Na hata koti hukuniletea! Ama kweli watu mkienda ng'ambo mnabadilika."

Alban alishuka kwenye feri Ijumaa, mwembamba, mwenye mvi mbili tatu za heshima. Feri ya kurudi ilikuwa Jumapili. Alimkumbatia dada yake kwa muda mrefu, na wote wawili walilia, hilo lisisahaulike. Kisha Ianthe akamwekea chai.

"Kesho tumlaze mama."

"Dada, kesho ni uzinduzi. Mwakani nakuja mwezi mzima, tunafanya kwa heshima zote."

"Mwakani."

"Naapa."

"Haya magoti yangu, hebu yaulize kama yana mwakani."

Alban alilitazama lile jiwe, akaitazama simu yake, akasema chai ni tamu.

Jioni akaja Bi Purcell, mratibu wa kamati, kutoka kisiwa kikubwa. Kamati ilikuwa imemwomba Ianthe apike, na imewakodi wapiga ngoma. "Mama, sisi tunachotaka ni uhalisia," alisema. Ianthe akamjibu kwamba utapatikana. Mgeni alipoondoka, alivaa kandambili akaenda kwa Mzee Sonnel, kiongozi wa ngoma.

"Kesho ndugu yangu yupo, ukoo wote upo, ngoma zipo, chakula kipo," alimwambia. "Kimekosekana nini?"

"Dada Ianthe, kesho ngoma ni za kamati. Tunatakiwa tupige ukumbini, tumekaa."

"Wamewaambia mkipiga msitembee?"

Mzee Sonnel alifikiri. "Hilo hawakulisema."

Ukumbi wa shule unapakana na makaburi. Jumamosi alasiri ulijaa mpaka madirishani. Ianthe alikuwa ameviringa sima ya mahindi, akapika mbaazi na kuku, na pembeni ameandaa meza moja ndogo yenye kitambaa cheupe, sahani na glasi ya ramu. Mgeni rasmi aliiona haina foleni, akaonja.

"Mbona hiki hakina chumvi?"

"Kwa sababu si chako, baba," alisema Philomen, akimpokonya kijiko taratibu. "Chakula cha marehemu hakitiwi chumvi. Pole sana. Njoo nikupe cha walio hai."

Alban alipanda jukwaani kusoma sura ya tisa. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyebaki nyumbani. Alipofika mahali kijana anapoinama kulinyanyua jiwe, ngoma zilianza nje. Mlango ukafunguka. Wanaume watano waliingia wamelibeba jiwe chini ya shuka yake, jasho likiwatoka, na upande wa kichwa kona moja ilikuwa haina mwanamume. Ianthe alikuwa ameitegemeza kwa bega lake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bi Purcell alipekua ratiba, hakuona kitu, naye akapiga makofi.

Alban hakupiga. Alisimama mbele ya kipaza sauti, kidole kikiwa bado kwenye mstari. Ianthe hakumwita. Magoti yalikuwa yakimtetemeka, na kila mtu aliyekuwa karibu aliyaona.

Mwandishi akakifunga kitabu, akashuka, akaweka bega lake mahali pa bega la dada yake.

"Zito," alisema.

"Siku zote lilikuwa zito."

Walitoka wakifuatwa na ngoma, na wageni wakafuata wakiwa na simu zao juu. Fundi alikuwa amekwisha kukoroga saruji. Mzee Sonnel akamwaga ramu, kisha maji. Alban alipiga magoti kwenye udongo akiwa na suruali yake ya uzinduzi, akalisukuma jiwe likae sawa.

"Dada, kitabuni nilikwisha kulilaza."

"Najua. Nilisoma." Ianthe alimfuta tope mkononi kwa aproni. "Lakini mama hakujua kusoma."

Mwandishi alipanda feri yake Jumapili. Usiku wa Jumapili hakuna aliyekuja ndotoni kuuliza kitu, na Ianthe alichelewa kuamka, mikate ikachelewa, kijiji kikanung'unika.

Baada ya tangazo kusomwa, Bi Purcell alipiga simu. Kamati imependezwa mno. Inaomba igizo lirudiwe kwenye tamasha la mwakani, siku tatu mfululizo, na waigizaji walitunze lile jiwe mahali pakavu.

Ianthe alifuta unga mikononi, akaenda dirishani kutazama upande wa makaburi. Saruji ilikuwa imekwisha kukauka.