Game ya upelelezi ya CD nne ilivyomwandaa shangazi yangu kwa interview ya kompyuta, Dodoma

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Ninayoyaandika hapa yalinikuta mwenyewe, Makole, Dodoma, mwishoni mwa miaka ya tisini. Sijaongeza chumvi. Atakayeona ni chai, sukari ni juu yake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Tuligoma, chuo kikafungwa, tukaambiwa turudi makwetu tukatafakari. Mimi nilirudi kwa Shangazi Debora, dada wa baba, nikiwa nimeshatafakari njia nzima na kugundua kwamba nchi yote inakosea isipokuwa mimi.

Mnaijua aina hiyo ya kijana. Shangazi akiombea chakula, mimi nauliza ushahidi uko wapi. Mchungaji akija kutusalimia, namuuliza maswali mpaka anakumbuka ana kikao kingine. Shangazi alinivumilia tu, kwa sababu nilikuwa nachota maji bila kuambiwa.

Sasa, Shangazi alikuwa mpiga chapa wa serikali. Miaka ishirini kwenye typewriter. Alikuwa anapiga barua bila kutazama vidole, huku anajibizana na mtu aliyesimama mlangoni, na barua inatoka haina kosa hata moja.

Lakini hizo zilikuwa zama za soko huria. Kila kitu kilikuwa kinabinafsishwa, kinapunguzwa au "kinaboreshwa", neno ambalo kwa kawaida lilikuwa na maana ya hayo mawili ya kwanza.

Ofisi ya Shangazi ililetewa kompyuta mbili na barua moja. Barua ilisema wapiga chapa wote watano watafanyiwa interview ya vitendo baada ya wiki tatu. Wawili watabaki. Watatu watapumzishwa kwa heshima zote.

Shangazi alikuwa mjane, na nyumba tuliyokuwa tunaishi ilikuwa ya serikali. Kazi ikiisha, funguo zinarudi. Na kompyuta alikuwa hajawahi kuigusa.

"Yona," akaniambia, "wewe si ndiye umesoma? Nifundishe hiyo mashine."

Chuoni nilikuwa nimeigusa kompyuta labda mara nne, na moja kati ya hizo nilikuwa nahamisha meza.

"Shangazi, hicho ni kitu kidogo," nikasema.

Pa kujifunzia palikuwa mahali pamoja tu: computer centre ya Mzee Hamisi, mfanyabiashara wa kutoka Kondoa aliyeanza na alizeti, akahamia kwenye photocopy, kisha kwenye elimu. Centre ilikuwa na kompyuta moja inayowaka na nyingine iliyochorwa kwa chaki ubaoni. Wanafunzi walisoma ile ya ubaoni. Wengi walihitimu na kupewa vyeti vyenye muhuri bila kuisumbua ile nyingine.

Nikakubaliana na mzee: mimi namrekebishia mashine ikigoma, yeye anatuachia kuanzia saa tisa na nusu alasiri, Shangazi akitoka kazini, mpaka anapofunga kwenda kuswali magharibi.

Hapo bado kulikuwa na mgao wa umeme. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka, kwa hiyo upande wetu tulipata umeme siku moja, tunaruka moja. Kwa hesabu hiyo wiki tatu zikawa kama siku kumi.

Mtu mwenye akili angeanza na kupiga barua, ku-save na ku-print.

Mimi nilianza na game.

Niliahidi ukweli, basi ndio huu: kwenye droo ya Mzee Hamisi nilikuta kasha la game ya upelelezi, CD nne, lililokuja pamoja na ile mashine, na nilitaka kucheza. Nilimwambia Shangazi kwamba wataalamu wanashauri mtu azoee kwanza mouse kwa njia ya burudani. Hao wataalamu sijawaona mpaka leo.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuzikuta: hizi hazikuwa game za katuni. Walichukua watu wa kweli, wakawapiga video, wakaikatakata vipande vipande. Wewe unachagua swali, kompyuta inakuchezea kipande cha jibu. Ilisemekana hiyo ndiyo teknolojia ya karne ijayo.

Karne ijayo ilikuwa na picha ya ukubwa wa bahasha katikati ya screen nyeusi, inayokwama kila mtu anapogeuza shingo. Waigizaji nadhani waliajiriwa kwa kigezo cha kuwa na makoti yao wenyewe. Na ukitoka hotelini kwenda kituo cha polisi unaambiwa weka CD ya tatu, ukirudi hotelini weka ya pili.

Kisa chenyewe kilikuwa rahisi. Msichana ameuawa hotelini. Wewe ni mpelelezi. Unawahoji mwenye hoteli, mpishi na mke wa mpishi, kisha unamtaja muuaji. Ukikosea, bosi wako anatokea, anakufokea na kukunyang'anya kitambulisho.

Siku ya kwanza Shangazi aliishika mouse kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake. Siku ya tatu alikuwa anaisukuma vizuri tu. Hilo halikuwa tatizo.

Tatizo lilikuwa maswali.

Kila mara yalitokea matatu. La kwanza tusi, la pili tishio, la tatu limeanza na "I should be grateful if you would kindly". Shangazi anayasoma yote kwa utaratibu, halafu anabonyeza la tatu.

"Hili ndilo limeandikwa vizuri," anasema.

Miaka ishirini ya kupiga barua za serikali. Jicho lake lilikuwa linatafuta sentensi safi, basi.

Mwenye hoteli, mzee mwenye sharubu nyeupe, akiulizwa hivyo anatabasamu, anajibu kitu kisicho na kichwa wala miguu, na mahojiano yanaisha.

"Shangazi, huyo ni mshukiwa," nikamwambia.

"Mshukiwa ndiyo asiheshimiwe? Huoni umri wake?"

"Ni video. Hakuoni wala hakusikii."

"Mimi namwona."

Kufikia wiki ya pili bosi alikuwa amemnyang'anya kitambulisho mara sita, na Shangazi alikuwa ameanza kumchukia kwa dhati. Mimi nikapata nafasi niliyokuwa naisubiri tangu chuo kifungwe: nikatoa hotuba. Nikasema adabu ndiyo inayotuangusha kama taifa. Tunawaogopa wakubwa, hatuwahoji, ndiyo maana tuko hapa tulipo.

Watu waliokuja kutoa photocopy walinisikiliza. Mzee Hamisi pia, akiwa anapanga karatasi.

"Kijana," akasema, "si ndiyo sababu wamekufungia chuo?"

Watu wakacheka. Nikaishika mouse mwenyewe niwaonyeshe.

Nilikuwa mkali, wakuu. Nilichagua matusi yote. Mtu akianza kujibu namkatiza kwa click, narukia swali linalofuata, maana nilishajua anachotaka kusema. Nikamkamata mpishi. Bosi akanifokea. Nikamkamata mke wa mpishi. Bosi akanifokea tena. Nikamrudia mpishi kwa kosa lile lile.

"Huyu akipewa upolisi," Mzee Hamisi akasema, "kuanzia hapa mpaka Ihumwa wote tutalala ndani."

Nikasema game imetengenezwa vibaya.

Zikabaki siku mbili za umeme kabla ya interview. Shangazi hakuwa amepiga hata barua moja kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeanza kuogopa, ila woga wangu nikaugeuza ukali, kama kawaida ya watu wenye makosa. Usiku wa kuamkia ile ya kwanza nilimkuta amekunja mapazia ya sebuleni, yale yake mwenyewe, ameyaweka kwenye sanduku. Nami siku hiyo sikuhoji.

Kesho yake alasiri akakaa kwenye kiti pale centre, akamfuata tena yule mzee wa sharubu. Akamuuliza kistaarabu kama kawaida kama alikuwa anamfahamu marehemu. Mzee akaapa hajawahi kuonana naye. Maswali matatu mapya yakatokea chini.

Shangazi hakubonyeza.

"Bonyeza, Shangazi. Umeme utakatika."

"Hajamaliza."

"Kamaliza. Maswali si hayo yametoka?"

"Mtazame mdomo wake. Huyu ana neno."

Nilikuwa nimecheza ile game karibu wiki tatu na sikuwahi kugundua kwamba maswali yakishatokea, nyuma yake video inaendelea. Ningegunduaje? Nilikuwa nabonyeza hata kabla sijayasoma.

Yule mzee akajaza kiko. Akautazama moto uliokuwa unawaka sebuleni mwa hoteli. Shangazi ametulia, mikono mapajani, kama yuko sebuleni kwa mtu. Ikapita dakika nzima. Waliokuja na karatasi zao wakasogea.

Mzee akakohoa. Kisha akaongea taratibu, nami nikawa nawatafsiria waliokuwepo: "Maskini yule binti. Alikuwa anaogopa sana moto. Kila jioni nilikuwa namwambia asogeze kiti chake."



"Si amesema hajawahi kuonana naye?" akauliza dada mmoja aliyekuja kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa.

"Ndiyo hivyo," akasema Shangazi.

Swali la nne likajitokeza chini ya yale matatu. Akalisoma, akabonyeza. Mwenye hoteli akakiri yote, akapelekwa na polisi huku muziki mbaya ukipigwa. Bosi akatupa mkono wa pongezi.

"Mfanyabiashara huyo," akasema Mzee Hamisi. "Ukimnyamazia, kimya anakijaza mwenyewe. Mimi najijua."

Mimi, msomi, nilichukua ile CD nikaiangalia kwenye mwanga. Nikasema huenda ina mkwaruzo.

Siku ya mwisho ya umeme ndipo nikamwonyesha kufungua ukurasa, ku-save na ku-print. Dakika kama arobaini, kisha giza. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yake yote ya kompyuta. Nawaomba msinitukane, nimeshajitukana.

Siku ya interview nilibaki nyumbani, nikisoma ukurasa mmoja wa kitabu tangu asubuhi. Shangazi alirudi saa kumi, akabandika maji ya ugali, na ndipo akanisimulia.

Waliitwa mmoja mmoja, wengine wakisubiri kwenye benchi humo humo. Kila mmoja apige barua moja ya kusomewa, ai-save, ai-print. Kuchapa, wote waliweza. Walikuwa wapiga chapa, wangeshindwa nini. Balaa lilianza kwenye ku-print.

Ile mashine ilikuwa nzito. Ukibonyeza print, inaleta alama ya kusubiri, inaanza kunguruma ndani kwa ndani, na hakuna karatasi inayotoka. Wa kwanza alikuwa Mama Anna, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Akaona kimya, akabonyeza tena. Na tena. Mashine ikaganda, ikabidi izimwe, na barua yake ikaenda nayo. Wa pili na wa tatu, yale yale. Binti wa nne alikuwa na cheti cha kompyuta, akabonyeza kwa ujuzi zaidi, ikaganda mapema zaidi.

Shangazi akapiga barua yake, akabonyeza print mara moja, akaweka mikono mapajani.

Ikanguruma. Akakaa. Ikaendelea. Akakaa.

Mwenyekiti wa jopo akatazama saa. "Mama, muda unakwenda. Mbona hufanyi kitu?"

"Bado inaongea, mzee," Shangazi akamjibu. "Ikimaliza nitaendelea."

Jopo likacheka. Kisha ikatoka karatasi moja, safi, haina kosa.

Majibu yalitoka wiki hiyo hiyo, nami nikamsindikiza Shangazi ofisini kuyasikiliza. Shangazi alibaki. Wa pili aliyebaki ni yule binti wa cheti, ambaye mashine ilimgandia mapema kuliko wote. Tuliambiwa ana sifa nyingine. Niliomba kuzijua hizo sifa, Shangazi akanikanyaga mguu.

Nikarudi nyumbani nikiimba. Nikaanza kumsimulia kila mtu jinsi mbinu yangu ya kufundisha kwa game ilivyofanya kazi. Shangazi akaniacha niongee mpaka nikamaliza.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi vaa viatu. Mama Anna anahama leo, ukambebee kitanda."

Nikaenda. Tulikibeba tukiwa watatu, mimi, Shangazi na Mama Anna mwenyewe. Mlangoni hakikupita, ikabidi tukifungue miguu. Mama Anna alikuwa amepiga chapa miaka kumi na sita. Njia nzima nilikuwa natafuta hoja ya kumwambia, na kwa mara ya kwanza tangu chuo kifungwe sikuipata.

Wakuu, sisemi kwamba adabu inalipa. Mama Anna alikuwa na adabu kuliko sisi wote, na wala sijaacha kuhoji: mpaka leo nataka kujua kazi ya watu inapimwaje kwa mashine mbovu. Ila siku hizi mtu akishanijibu, nahesabu kimya kimya mpaka kumi kabla sijafungua mdomo. Mara nyingi ananiongezea kitu nisichokiuliza.

Uwanja ni wenu. Waliopitia interview za namna hiyo miaka ile waje na yao, hasa waliopumzishwa, maana hao hawakuulizwa na mtu. Mimi leo nasoma tu, sijibu mpaka mmalize.