Moto wa Kwanza Chamazi

Kila Jumamosi, makarani wakishafunga ofisi saa saba mchana, Tekla alikuwa ameshasimama kando ya barabara ya Temeke na sufuria kichwani, mkeka kwapani na debe la maji miguuni, akingoja lori la mkaa. Lori hilo lilileta mkaa mjini asubuhi na kurudi tupu mchana. Dereva alimchukua yeye na mumewe kwa sharti moja tu, kwamba wasilalamike. Walikuwa wakishuka Chamazi weusi kuanzia nywele hadi kucha. Na huyu Tekla kwao Bukoba ni binti wa katekista, alilelewa kupiga pasi hata leso ya kupengea kamasi. Sasa alijikung'uta masizi, akajitwika debe lake na kufuata njia ya mchangani.

Majirani wa Temeke waliwacheka sana. Waliwaita Wazungu weusi, maana waliona ni Wazungu tu wanaoacha kitanda nyumbani na kwenda kulala porini kwa kupenda kwao, tena na hema. Tekla naye alicheka ili yaishe. Hakuwa na nafasi ya kuwaeleza watu kila kitu, na mengine hata yeye mwenyewe alikuwa hayajui.

Hema lilikuwa la jeshi. Revelian, mumewe, alilinunua mnadani baada ya vita vya Hitla. Alikuwa amepelekwa na jeshi mpaka Libya, kwenye majangwa ya huko, na mwaka arobaini na sita akarudi mzima wa viungo. Alipata kazi ya ukarani wa stoo, akavaa kaptura iliyonyooshwa na soksi ndefu, na kila aliyemwona alimsifu Tekla kwa kupata bahati, kwa kuwa wako waliorudishiwa begi tu. Tekla aliisadiki bahati hiyo. Ila chumbani mwao Temeke mumewe hakulala kitandani. Alilala ameketi mlangoni, mgongo kwenye mwimo, miguu nje uani, na mama mwenye nyumba akilalamika kila asubuhi kwamba anarukwa na wapangaji kama gogo. Revelian alisema ni joto la Dar es Salaam.

Kiwanja cha Chamazi alikichagua yeye. Kulikuwa na mabonde ya mpunga na mashamba mazuri ya minazi. Akayapita yote, akaenda kusimama kwenye tambarare ya mchanga mweupe isiyo na kisima, ambako hata mkorosho uliota shingo upande. Akasema hapa. Jumbe, mkuu wa kijiji, alimtazama mara mbili kisha akampa, kwa sharti ambalo alilirudia mbele ya watu: nyumba iezekwe, watu walale ndani, na moshi uonekane ukitoka humo kabla ya masika. Vinginevyo kiwanja kinarudi mikononi mwake, kwani siku hizo mji ulikuwa unapanuka na hata mchanga ulishaanza kugombaniwa.

Kwa Revelian lile lilikuwa sharti la kiwanja. Kwa Tekla lilikuwa sharti la mtoto. Binti yao wa pekee, Demetria, aliachwa Bukoba kwa bibi yake tangu akinyonya, baba alipochukuliwa vitani na mama akaja Pwani kutafuta riziki. Mama mwenye nyumba wa Temeke hakutaka watoto uani kwake, na chumba chenyewe kilijaa watu wawili tu. Mtoto alikuwa ameshaanza kuota meno ya pili na Tekla hajayaona. Nyumba ikikamilika, Demetria anakuja. Isipokamilika, hakuna anayejua. Tekla aliyabeba maji ya ujenzi, debe baada ya debe kutoka bondeni, kwa wazo hilo moja, na mchanga ukimuunguza nyayo hakuona kama ni adha.

Jumamosi jioni walisimamisha hema, wakapika, wakalala. Ajabu ni kwamba humo Revelian alilala usingizi wa mtoto, mdomo wazi, mkono mmoja nje ya turubai. Jumapili tangu alfajiri alikuwa kazini. Alichimbia nguzo, akafunga fito, akanyoosha kona kwa kamba. Bi Mwajabu, jirani mtu mzima aliyekuwa na mikorosho michache upande wa chini, alikuwa akija kuketi na kutazama, akasema hajapata kuona mwanamume anayejenga kwa upole namna ile. Lakini nyumba haikwenda mbele. Wiki hii mlango ulitazama mashariki, wiki ijayo Revelian aliona upepo utaleta mchanga ndani, akaung'oa na kuuhamishia kusini. Dirisha alilipanua, kisha akalipunguza. Alikandika ukuta vizuri, kisha akasema udongo ulikuwa na mchanga mwingi, akaubomoa. Kila mara alikuwa na sababu, na sababu zenyewe zilikuwa nzuri. Tekla alijiambia kwamba ameolewa na fundi asiyependa kazi ya ovyo.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa pili, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya upande wa bahari, Tekla alikwenda bondeni kama kawaida, na njiani akakutana na vijana wa Bi Mwajabu wakimletea maji. Akageuka nao kabla ya wakati. Aliwatangulia kidogo. Alipoitokea nyumba, alimwona mumewe juu ya ngazi akifungua kamba za makombamoyo, ile miti ya paa aliyoifunga yeye mwenyewe wiki iliyopita. Hakuwa na haraka. Alifungua, akakunja kamba vizuri, akashusha mti, akaulaza pamoja na wenzake. Kazi safi kabisa. Paa zima lilikuwa chini.

Tekla hakupiga kelele. Aliwaambia vijana watue maji pale pale waende zao, na walipoondoka akaketi mchangani. Hapo ndipo alipoelewa mlango, na dirisha, na ukuta. Alishikwa na hasira. Masika yalikuwa yamebakiza wiki chache, na mtu ambaye yeye alimbebea maji mwaka mzima alikuwa akibomoa kila alipompa kisogo.

Revelian alimwona, akashuka. Alikaa mbali naye kidogo, na bila kuulizwa akasema yote. Kule jangwani walichimba mahandaki, wakayafunika kwa mbao na mchanga, wakalala humo mabomu yakipita juu. Siku moja kifuniko kikashuka. Walikuwa wawili chini yake, yeye na Albano, kijana Mmwera wa Nachingwea. Hawakuonana, ila waligusana mabega. Albano aliongea kidogo, kisha akapumua tu, kisha hata hilo likakoma, na yeye akaendelea kulala bega kwa bega naye mpaka walipofukuliwa. Tangu hapo hakuweza kulala chini ya kitu chenye uzito. Turubai likianguka unalisukuma kwa mkono. Paa hulisukumi.

"Kila nikifunga mti wa mwisho," alisema, "namsikia anapumua. Nikiufungua, ananyamaza."

Tekla alimwonea huruma, na alimchukia pia, vyote kwa pamoja, wala hakujua ashike kipi. Alimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu kwamba alidhani akijenga polepole atazoea.

Tangu siku hiyo kazi aliishika Tekla. Alikwenda kwa Bi Mwajabu, akamwamkia, akamwomba msaada waziwazi bila kuficha chochote, na yule mama akaita wanawe na jamaa zake. Makuti yalisukwa. Jumamosi ya mwisho kabla ya mvua, nyumba iliezekwa kuanzia mchana mpaka jua linapozama, na Revelian alikuwa miongoni mwao, akirusha makuti juu, akitania, akisifiwa nguvu. Hakuna aliyegundua kwamba hakupita mlangoni hata mara moja.

Lilibaki moja, nalo lilikuwa kubwa kuliko kuezeka. Kwa mama yake Tekla, mzee Auleria, na kwa wazee wote aliokua akiwasikiliza, nyumba mpya huingiwa na mwenye mji. Mume ndiye anayewasha moto wa kwanza na kulala humo. Mwanamke akiwasha yeye, nyumba hiyo ni ya mjane, na mume anahesabiwa amekwisha kufa. Baba yake, katekista, alihubiri dhidi ya mambo hayo maisha yake yote. Hata hivyo nyumba yake mwenyewe aliiwashia moto yeye, na mkewe hakugusa kiberiti.

Jumbe alikuwa amesema atapita Jumapili baada ya sala ya alasiri. Mchana huo anga liliinama, zito na jeusi. Tekla alipanga mafiga ndani, akaweka kuni, akamletea mumewe kiberiti pale hemani. Hakumlazimisha. Alimwomba. Alimwambia aingie tu, awashe, atoke, kulala tutajua baadaye. Alimtajia Demetria. Revelian akasimama, akanyoosha shati, akaenda.

Alifika ndani. Hilo Tekla alilisema maisha yake yote, kwamba alifika ndani. Aliinama penye mafiga akatoa kijiti, na kiberiti kikamponyoka, vijiti vikamwagika sakafuni. Alitazama juu, kwenye makuti. Halafu akatoka mbio akijigonga kwenye mwimo wa mlango, akaanguka mchangani akitapika, kidole kikivuja damu mahali alipokwaruzwa na fito. Alijaribu tena. Safari ya pili hakuvuka kizingiti. Safari ya tatu alisimama tu mbele ya mlango akilia bila sauti, mtu mzima wa kaptura na soksi ndefu, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kutoboa mchanga.

Kwa mbali mwavuli wa jumbe ulionekana ukija njiani.

Tekla aliingia. Akapiga magoti, akaanza kuokota vijiti vya kiberiti kimoja kimoja. Revelian alimwona kupitia mlangoni, akajua anachotaka kufanya.

"Tekla, usiwashe," alisema. "Mie ningali hai."

"Najua, Baba Demetria."

"Basi usiwashe."

Tekla alimtazama. Alikuwa akimpenda mtu yule, na laiti mvua ingengoja, laiti jumbe angegeuka, angeketi naye nje hata mwaka mwingine. Lakini mtoto alikuwa anakua kwa watu. Akawasha. Kuni zilikuwa kavu, moto ukashika mara moja, na moshi ukapanda ukapenya kwenye makuti mapya. Nje alisikia mumewe akitoa sauti moja fupi.

Jumbe alifika, akauona moshi, akafurahi. Alimpa Revelian mkono pale kwenye mvua, akamwambia hongera, sasa ni mwenzetu, kisha akakimbilia kwa Bi Mwajabu kujikinga na mvua. Revelian alishukuru akitazama chini. Usiku kucha Tekla aliuchochea ule moto peke yake, na mumewe akalala hemani, maji yakipita chini ya mkeka.

Mwezi wa sita, mwalimu Ansbert, ndugu wa ukoo aliyefundisha mjini, alikwenda likizo Bukoba kwa treni na meli. Tekla alimwagiza amletee mtoto. Kwa kuwa alikuwa amemweleza kila kitu, alimsihi pia kwamba mama yake akiuliza habari za nyumba, aseme tu ni nzuri, haivuji. Ansbert aliahidi. Alikuwa mtu mwema, na kosa lake ni kwamba hakuzoea kusema uongo mbele ya wakubwa.

Alirudi naye Jumamosi moja ya kipupwe, kwa lile lile lori la mkaa. Revelian, aliyeomba ruhusa kazini siku hiyo, alikuwa ameamka mapema, amenyoa ndevu, amekunja hema vizuri upande mmoja lisionekane vibaya. Ndiye aliyekimbilia lori. Alinyoosha mikono, akamshusha mtoto, kisha akabaki amemshika vile vile hewani kidogo.

Demetria alikuwa amenyolewa nywele zote. Kichwa kilikuwa cheupe na kipya, na kiunoni alifungwa ukamba wa majani makavu ya mgomba, kama wanavyofungwa watoto wa kwao waliofiwa na baba.

Ansbert alishuka nyuma yake, hakuweza kumtazama mtu. Alimwambia Tekla kwa sauti ya chini kwamba mzee Auleria aliuliza swali moja tu, nani aliwasha moto, na yeye akashindwa kudanganya. Bibi hakutaka kusikia zaidi. Alikaa matanga ya Revelian kama inavyopasa, na majirani wakaja wakalia naye.

Mtoto aliwekwa chini. Akamwangalia yule bwana mrefu, akamwamkia kwa adabu aliyofundishwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," Revelian alijibu.

Tekla alipiga magoti, akamkumbatia mwanawe, akamwambia huyu ndiye baba. Demetria alikipapasa kichwa chake, akamtazama Ansbert apate maelezo, na Ansbert akageukia lori. Revelian aliinama, akaufungua ule ukamba wa mgomba kiunoni mwa mtoto kwa uangalifu, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akachukua kifurushi cha nguo zake kwa mkono mmoja na mkono wa mtoto kwa mwingine, wakavuka ule mchanga wote mpaka mlangoni.

Hapo akaachia mkono. Demetria aliingia, akaona mafiga, akaona kitanda kipya cha kamba, akageuka kumngoja. Alipoona haji, akamnyooshea mkono.

"Ingia wewe, mwanangu," baba yake alisema. "Mie nitakuwa hapa nje."

Akamkabidhi kifurushi juu ya kizingiti, akarudi kusimamisha hema.