Visheti kwa Wapiga Picha

Kila ninapokata utepe wa boksi jipya dukani, harufu inanifika puani kabla sijaona kilichomo. Ni harufu ya nguo ambazo hazijawahi kufuliwa: rangi, plastiki, na kitu kama mafuta ya taa kwa mbali. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, hufungua mlango wa nyuma ili itoke. Mimi huinama niivute. Tupo Harrow, nje kuna mvua ya Landani isiyojua kunyesha wala kuacha, lakini kwangu mimi hiyo ni harufu ya Idi. Na Idi yenyewe ni ya Guangzhou, China, tulikoishi nikiwa mtoto.

Baba alikuwa akinunua bidhaa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Unguja na kuzipakia kwenye makontena. Tulikaa ghorofani sisi wanne: Baba, Mama, dada yangu Salma na mimi. Salma alikuwa na miaka kumi na miwili, Kichina akikijua kutushinda wote, na mdomo wake haukuwa na breki. Mimi nilikuwa na miaka saba, na sikuwa msemaji wa lugha yoyote.

Siku za mapumziko Baba alitutembeza. Tuliona masoko ya maua, tukapanda vivuko vya mtoni, tukaingia kwenye bustani ambamo wazee walikuja na ndege wao kwenye vizimba na kuwaning'iniza mitini, kana kwamba ndege nao wanahitaji kubadilisha hewa. Nilipenda yote isipokuwa jambo moja. Watu walitupiga picha. Walitupiga kwa mbele, kwa nyuma, na kwa kujifanya wanapiga mti uliokuwa karibu nasi. Siku moja mwanamke mmoja alininyanyua juu bila kuuliza ili mwenzake apige, na huyo mwenzake alipomaliza akauvuta msuko wangu aone kama utang'oka. Walikuwa wanacheka, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Nilijificha kwenye buibui la Mama. Tangu siku hiyo nikagoma kutoka. Shule nilikwenda, matembezi sikutaka tena.

Idi ikakaribia. Kule ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, mabasi yanakwenda, majirani wanatupa taka. Kwetu Unguja mtoto akishavaa nguo mpya hutoka nazo, watu wamwone. Baba aliniangalia nilivyojikunyata kwenye kiti, akasema, "Mama Salma, Idi hii tule humu humu ndani. Huyu mtoto anateseka."

"Nguo nimeshashona," Mama akajibu. "Nikaivalishe sofa?"

"Watatuzunguka tena."

"Na watuzunguke. Lakini safari hii watakuja kama wageni."

Siku ya Idi ilipofika, Mama alikuwa jikoni akikaanga visheti tangu alfajiri, nyumba nzima ikinuka iliki na sukari. Akavijaza kwenye mkebe, akapiga magoti mbele yangu kunifunga utepe wa gauni, kitambaa bado kikinuka rangi na plastiki. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anayetaka picha ataonja kwanza Idi yetu, kisha ataomba. "Na wa kuombwa ni wewe. Ukisema hutaki, basi hapigi mtu." Sikumwamini. Nilijua mtoto akiulizwa na mtu mzima hujibu ndiyo. Ndivyo nilivyolelewa, tena na yeye mwenyewe.

Baada ya Baba kurudi kutoka msikitini tulikwenda kwenye bustani ya mtoni. Hatujamaliza hata kukaa, kijana mmoja akainua simu nyuma ya mti. Mama akamwendea moja kwa moja na mkebe wazi. Kijana akarudi nyuma akipunga mkono, akidhani anauziwa. Salma akamweleza kuwa leo ni sikukuu yetu, ale. Akala. Macho yakamtoka kwa iliki. Akaniomba picha, nikakubali kwa kichwa, naye alipomaliza Salma akamwambia, "Simama hapo hapo, na sisi tunakupiga," akampiga akiwa bado anatafuna.

Watu wakacheka, wakasogea. Muda si mrefu foleni ikajipanga mbele ya Mama, na nadhani nusu yao hawakujua wamepangia nini, waliona foleni tu. Baba akawa anatoa mkono wa Idi kwa kila mtu kama yuko uwanjani Unguja. Nami nikaanza kutabasamu kidogo.

Ndipo akaja bibi mmoja mwenye mvi, msafi, mpole. Alikula, akasifu, akampa Salma chungwa. Kisha akanisogelea na mkono wake ukaanza kupanda kuelekea nywele zangu.

"Bu yao," nikasema. Sitaki.

Neno lilitoka dogo sana. Mama alilisikia, akafunga mkebe.

Bibi akacheka, akasema ni mara moja tu, na picha moja ya kumwonyesha mjukuu wake. Baba akamwinamia Mama. "Mtu mzima huyu. Mwache ashike."

"Amesema hataki."

"Ni mtoto."

"Ndiyo. Na nywele ni zake."

Nilimwona bibi anashusha mkono, uso umembadilika. Nilitamani kulirudisha neno langu mdomoni. Mama akanishika, tukaondoka mbele ya watu wote, Baba nyuma yetu, amekasirika. Kiganja cha Mama kilikuwa kimelowa jasho. Nilidhani ni hasira, na kwamba nimeiharibu Idi.

Miaka mingi niliikumbuka hivyo. Mwaka huu, tukiwa jikoni hapa Harrow, nilimwuliza kama yule bibi alimuudhi sana.

"Wala," akasema. "Nilikuwa natetemeka, mwanangu. Yule alikuwa sawa na mama yangu. Sijawahi kumkatalia mtu wa umri ule, si kabla ya siku ile."

Kumbe haya yangu nimeirithi kwake. Nilikuwa nimemweka kwenye kundi la watu wasioogopa, kina Salma, nami nikajiweka upande mwingine peke yangu. Aliogopa kunizidi, kwa sababu alijua anavunja nini.

Wiki iliyopita, ndani ya basi, mwanamke wa kiti cha nyuma aliniuliza kama anaweza kuzishika nywele zangu, na vidole vilikuwa vimeshafika. Nikageuka, nikamwambia sitaki. Alishtuka. Akasema alikuwa ananisifia tu.

"Najua," nikamwambia. "Na bado sitaki."