Wimbo wa Mama Odeta, niliougeuza nikauita wangu

Wakuu, heshima kwenu wote.

Nimesoma humu mkiwachamba wasanii wanaokopi nyimbo, nikataka kuchangia nikashindwa, maana mimi ni mmoja wao. Ninayoyaandika nimeyafanya kwa mikono yangu, sijaongeza chumvi. Nina wajukuu sasa, sina wa kumdanganya.

Miaka ya themanini nilikuwa mwalimu wa kwaya Kituntu, Karagwe. Nota za do re mi nilizijua kidogo, na kijijini ukijua kidogo wewe ndiye profesa.

Ukweli ni kwamba sikuwa na kipaji cha kutunga. Nilikuwa nachukua wimbo uliopo naugeuza. Panapopanda nashusha, pa polepole nakimbiza, mwisho naufanya mwanzo. Nikimaliza, hata mwenye wimbo hautambui.

(Mnaojifunza muziki msiogope, hilo lenyewe si kosa. Wengi hutunga hivyo. Kosa langu linakuja.)

Kwenye alto, sauti ya pili ya akina mama, tulikuwa na Mama Odeta. Familia yake ilitoka Burundi, wakawa wanafanya vibarua kwenye vibanja vya watu, kupalilia migomba. Mama mpole, hakosi mazoezi.

Siku moja kwaya ilikuwa na wageni, akina mama wanamenya ndizi nyuma ya kanisa. Nikamsikia Mama Odeta anaimba taratibu, amefumba mdomo, bila maneno. Nikatoa karatasi nikaandika nota zote. Hakuniona.

Wiki mbili baadaye nikaleta wimbo mpya wa sadaka. Mbio, ngoma, vigelegele. Wanakwaya wakauliza umetoka wapi. Nikasema nimeoteshwa na Mungu.

Nilisema hivyo kanisani, wakuu.

Mama Odeta alijifunza kama wengine, ila tukifika ubeti wa pili anakata sauti, na alto yote inayumba. Jumapili tulialikwa kuimba kwenye kanisa la Ndama, na mimi nataka sifa. Jumamosi nikamsimamisha mbele ya wenzake.

"Mama, unatuharibia wimbo."

Akajibu polepole, "Unisamehe, mwalimu. Huu nilikuwa namwimbia Odeta alipougua, mpaka akafariki. Nilidhani kwa vile umeugeuza nitaweza."

Miaka miwili namwita Mama Odeta. Sikuwahi kujiuliza Odeta yuko wapi.

Mtu mwenye haya angekiri palepale. Mimi nikasema, "Pole mama, ila huzuni inakuchanganya. Huu nimeutunga mimi."

Mwenyekiti wa kwaya akamshauri apumzike kwanza. Akajifunga kitenge vizuri, akasema asante, akaondoka. Hakurudi tena kwenye kwaya. Baadaye nikasikia wamehamia Kamuli, Kyerwa.

Kule Ndama tulishangiliwa sana. Wimbo ukasambaa, kwaya za jirani zikaja kuuandika, na kila ukitajwa mtunzi natajwa mimi. Nikawa naitikia.

Ilinichukua kama miaka tisa kupata ujasiri wa kwenda Kamuli. Nilimkuta anaanika kahawa uani. Nikamwamkia shikamoo, nikasema yote nikiwa nimesimama juani, hata kiti nilikikataa.

Akaendelea kutandaza kahawa yake. "Nilijua, mwalimu. Nilikuwa nasubiri useme."

Nikamuuliza nifanye nini.

"Niimbie ule wa kwanza," akasema. "Hata kwaya ya huku inaimba wako kila Jumapili. Nikijaribu wangu, unakuja wako."

Nikafungua mdomo, ukaja wangu. Nikapunguza mwendo, nikajaribu kurudisha mwisho mahali pake, ukaja wangu. Mara ya tatu vilevile. Ile karatasi ya nota nilikuwa nimeichoma jioni ya Jumamosi ile, asije mtu akalinganisha.

Akanitazama kidogo. "Basi, mwalimu, acha. Karibu chai."

Nikanywa. Sijawahi kunywa kitu kwa aibu kama ile.

Funzo ni hili, hasa kwenu vijana wa studio. Geuzeni nyimbo, hakuna anayeanza na hewa tupu. Lakini mwenye wimbo mtajeni, na ule wa kwanza mtunzeni kama ulivyo. Mama yule alizika mtoto akabaki na wimbo wake, na huo nao nikampotezea mimi.

Uwanja ni wenu, semeni mnavyoona. Anayetaka kunitetea asijisumbue.