Waya wa Alfajiri

Siku yangu ya kwanza kazini Voi, stesheni masta hakunipa hata kiti. Alinisimamisha dirishani mwa kibanda cha signali. "Mwakio, dereva hakuoni wewe. Anaona ule mkono tu. Ukimdanganya, hana mwingine wa kumuuliza."

Nyinyi vijana wa simu mnadhani treni zilijiendea tu. Mkono wa signali ukinyooka, dereva asimame; ukiinama, apite. Mimi nilivuta leva kibandani, na waya mrefu kando ya reli ukauinamisha mkono kule mbali. Sasa, jua la Voi mnalijua. Mchana waya hurefuka ukalegea, nawe unaukaza kwa skrubu. Jioni sharti uulegeze tena. Usipofanya hivyo, baridi ya alfajiri huufupisha, na mkono huinama wenyewe bila mtu kugusa leva.

Nilihamishiwa Mwatate, kisha Bura kwetu, nikarudi Voi kama mkubwa wa kibanda. Ukubwa ule ulinilevya, niseme kweli. Jioni moja ya Julai, kwa kuwa njia ya Taveta haikuwa na treni mpaka alfajiri, nilifunga kibanda nikaenda zangu. Waya sikuugusa.

Alfajiri, ndio kwanza nafungua mlango, treni ya mizigo ikaingia kutoka Taveta na kugonga kiberenge, kile kigari cha mafundi wa reli, kilichokuwa njiani. Mafundi waliruka; mmoja akavunjika mguu. Dereva alikuwa Odera, jirani yangu kwenye nyumba za reli, mtu wa kutoka Kisumu. Nilitazama signali. Mkono ulikuwa umeinama.

Nililegeza waya kabla stesheni masta hajapanda ngazi.

"Mkono ulikuwaje?" akauliza.

"Ulikuwa umenyooka, bwana mkubwa."

Odera aliapa kwamba aliruhusiwa kupita. Stesheni masta akatazama nje, akauona mkono umenyooka, akaandika kwamba dereva alikuwa amelewa. Odera akafutwa kazi. Mimi niliendelea kukaza na kulegeza waya ule mpaka nikastaafu, nikapigiwa makofi. Aibu hiyo sijui niiweke wapi.

Majuto ni mjukuu, kweli. Mwezi uliopita ndipo nilipokwenda kwake Kaloleni. Yuko peke yake siku hizi. Alinitilia chai.

"Odera, mkono uliinama. Mimi ndiye niliyesahau waya, halafu nikaficha."

Hakushtuka. "Najua, Mwakio. Niliuona kwa macho yangu."

"Nitaandika barua. Nitasema yote."

"Umwandikie nani? Masta tulimzika. Na mama watoto alifariki akiamini nilikuwa mlevi. Kila nikimwambia, alikuwa ananiuliza mbona Mwakio hasemi." Akasukuma sukari upande wangu. "Huyo peke yake ndiye nilitaka asikie."

Nilikunywa ile chai mpaka ikaisha.